Highway 1 na MX-5: anzia San Francisco
Kwa ulivyouliza safari ya Highway 1, ile barabara ya pwani ya California, uanzie San Francisco au Los Angeles na hiyo Mazda MX-5, kagari kadogo ka kufungua paa, mi nakwambia anzia San Francisco, maana Marekani wanaendesha kulia kwahiyo ukiwa unashuka kusini bahari iko upande wako kabisa na zile sehemu za kupaki uangalie mawimbi unaingia tu bila kukatiza leni ya wanaokuja. Jaza mafuta Monterey au Carmel, ukishaingia Big Sur, ile pwani ya milima, bei inauma. Buti ndogo ile, beba begi laini. Juni mpaka Agosti asubuhi ukungu unafunika kila kitu, daraja la Bixby lipite mchana, paa wazi, raha sana aisee! Ila cheki kwanza Caltrans, idara ya barabara ya California, maporomoko yanaifungaga hiyo barabara.