Wanaodai Maziwa Yaliyochemshwa "Yamekufa"

Dada mmoja wa Mbagala kaniandikia. Anafungua kibanda cha maziwa, ila majirani wanamwambia yaliyochemshwa yameshakufa, wao wanataka mabichi. Afanyeje?

Dada, hao wateja nawajua, walinihama. Nauza maziwa Goba na sijawahi kumpimia mtu yasiyochemka. Akaja kijana na pikipiki, madumu yake ya njano yaliyokuwa ya mafuta ya kula, bei chini yangu. Yeye akaitwa "wa asili", mimi mchakachuaji! Mama niliyekuwa namkopesha mpaka mwisho wa mwezi akawa anapita mbele yangu na chupa ya mwenzangu. Iliniuma, na bado inaniuma.

Shemeji yangu naye akahamia huko. Homa ikaanza: jioni inapanda, usiku jasho mpaka shuka linalowa, asubuhi mzima. Kiuno na magoti vinamuuma. Akapewa dawa za malaria, kisha za taifodi, wapi! Mpaka alipopatikana daktari wa kumuuliza, "Maziwa unakunywa ya wapi?" Damu ikapimwa: brusela, ugonjwa uleule unaofanya ng'ombe watupe mimba. Dawa zake wiki 6, tena si ya aina moja. Daktari David Bruce aligundua vimelea vyake kule Malta mwaka 1887, na tangu 1905 inajulikana vinapita kwenye maziwa. Sisi bado tunabishana vibarazani.

Mabichi hubeba pia salmonela, vijidudu vya kuharisha, hata kifua kikuu cha ng'ombe. Marekani, pamoja na majokofu yao yote, walikataza mwaka 1987 yasiuzwe kuvuka jimbo hadi jimbo. Sembuse yetu yanayopigwa jua la Dar kwenye pikipiki?

Kwa hiyo chemsha. Kiwandani nyuzi 72 kwa sekunde 15 zinatosha, lakini wao wana mitambo. Wewe subiri yapande, punguza moto, koroga, yachemke tena kidogo. Dumu achana nalo: mkono hauingii kusugua, na ukilipasua utakuta utando wa njano umeganda shingoni. Tumia ndoo ya mdomo mpana yenye mfuniko. Mtindi nao uchemshe kwanza ndipo ugandishe, uchachu hauui kila kitu. Nasema tena, chemsha.

Na nyie mnaowapa watoto mabichi eti wapate nguvu: watoto, wajawazito na wazee ndio wanaoumia zaidi. Mungu anawaona.