Sebule au ukumbi wa harusi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nachora ramani za nyumba na kutengeneza picha zake kwa kompyuta hapa Chumbageni, Tanga. Mteja ana sebule ya mita 4 kwa 5. Nikaweka lenzi ya milimita 15 ili ionekane yote. Akacheka: "Hii sebule au ukumbi wa harusi?" Kwenye video ndiyo balaa, makochi ya pembeni yanavutika kama unga wa chapati. Nitumie lenzi gani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mteja wako ana macho.

Piga hesabu. Fremu ya kamera yako ya kwenye programu, kama hujaigusa, huenda ina upana wa milimita 36. Ukiegemeza kamera ukutani, lenzi ya 15 inaona upana wa mita 12 kule mwisho wa chumba. Ukuta wako wa mita 4 unabaki theluthi ya picha, umekimbilia mbali kama Kisiwa cha Toten kule baharini. Kwa lenzi ya 24 inaona mita 7.5, na ukuta unapita nusu.

Mimi lakini ningetoka nje kabisa. Rudisha kamera mita 2 nyuma ya ukuta, uiambie programu ifiche ukuta huo ulio karibu, kisha weka 35. Ukuta wa mbele unabaki karibu na ukubwa uleule wa 24, ila makochi yanatulia. Mpiga picha wa kweli angetamani kupenya ukuta hivyo! Kimo, mita 1.2 hivi, kamera ikitazama mbele sawasawa. Dari likikatika usiinue pua ya kamera, nguzo zitalala, tumia shifti, yaani kusogeza picha juu bila kuinua kamera.

Picha za nje ya nyumba, kwenye mitaa ya Ngamiani ambako huna pa kurudi, 24 inaruhusiwa. Ukiwa na nafasi, 35 hadi 50.

Video: 28 kwenda juu, lenzi moja tangu mlangoni hadi jikoni, na ugeuke polepole. Lenzi pana, yenye namba ndogo, hufanya mwendo wa kawaida uonekane mbio, na kila ukigeuka pembeni panavimba.

Nayajua haya kwa aibu. Zamani nilimwonyesha mama mmoja wa Raskazone sebule yake kwa 18. Akapenda, akanunua seti nzima ya makochi. Siku ya kuyaingiza, mlango wa chumbani haukufunguka. Kochi moja linakaa barazani mpaka leo.