Kwa madogo mnaoanza kuandika mapigano ya ninja

Nimetoka kusoma skripti za madogo wapya wa katuni na karibu kila moja ina ninja hamsini wanashuka kwenye paa usiku wa mbalamwezi, halafu pembeni mwandishi kamwandikia mchoraji "hapa msomaji aogope". Haogopi, mdogo wangu. Msomaji akishaona ninja hamsini anajua steringi leo analala kwake. Mwonyeshe mmoja tu, amekaa hana haraka, hajachomoa hata upanga, ndo utaona mtu anaacha kuchati. Hii ni fizikia kabisa, na kwa vile nimechoka kuandika maelezo yaleyale kwenye kila skripti, haya chukueni yote kwa mpigo.

1. Uninja hauumbwi wala hauharibiwi, unagawanywa tu. Kila pambano, upande wa ninja unapewa kiasi kimoja cha uninja, tukiite U. Akiwa mmoja anabeba U nzima. Wakiwa hamsini kila mtu anapata U gawanya kwa 50, kama watu hamsini wamejiunga kwenye hotspoti ya bando moja, hakuna anayefungua hata picha. Ndo maana yule adui aliyemvunja steringi mbavu sura ya kwanza, ukimrudisha sura ya kumi na wenzake thelathini wa nguo zilezile, anadondoka kwa kiwiko kimoja. Naona mnaandika "alikuwa amechoka". Hajachoka, amegawanywa.

Swali ambalo lazima mtaniuliza: wakifa arobaini na tisa, wa mwisho si anabaki na U yote? Ndiyo, na ndo maana wa mwisho huwa ama anatupa upanga anakimbia, ama anavua kitambaa usoni tunagundua ni kaka yake steringi. Njia ya tatu sijaiona. Ukimwacha amesimama tu pale kama anasubiri lifti, hesabu haifungi na msomaji atakwambia.

2. Foleni iheshimiwe. Kuna injinia Mwingereza anaitwa Frederick Lanchester, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alikaa akapiga hesabu za vita. Mkipigana mmoja mmoja, ana kwa ana, idadi inahesabika kawaida tu, lakini kila mtu akiweza kumlenga kila mtu kwa wakati mmoja, nguvu ya kundi inakua kwa mraba wa idadi yake. Watano wakivaana na watatu wenye uwezo uleule, watatu wanaisha wote na wanne bado wamesimama. Kumi kwa mmoja ni mia kwa moja. Sasa steringi wako anaponea wapi? Anaponea kwenye foleni. Ninja anayesubiri zamu yake azungukezunguke, achezeshe miguu, azungushe mnyororo hewani, afanye chochote kile ila asimguse steringi mgongoni mpaka aitwe.

Mimi hii niliijua kwa kuumia. Nilikuwa mgeni kama nyie, nimesoma kidogo habari za Iga, jimbo la ninja huko Japani ya zamani, nikajiona mwanahistoria. Nikajua mwaka 1579 mtoto wa mbabe wa vita Oda Nobunaga, anaitwa Nobukatsu, alivamia Iga akapigwa akarudi, halafu 1581 baba mtu akatuma askari makumi ya maelfu na Iga ikasagwa. Nikasema si mnaona, kwenye maisha ya kweli wengi ndo wanashinda, hawa wanaopanga foleni ni uongo, mimi naleta uhalisia. Nikaandika ninja kumi na wawili wanamvamia steringi kwa pamoja, pande zote, wengine kutoka juu. Hiyo ilikuwa mwanzo kabisa wa hadithi. Mchoraji, mtu mwaminifu sana, akachora kila nilichoandika, akanitumia na ujumbe mfupi: "bro, huyu si amekufa?"

Nikamjibu kwa kiburi, hajafa, angalia vizuri. Halafu nikaangalia vizuri. Mikono miwili, panga kumi na mbili. Nikamvalisha deraya ndani ya nguo, wa juu wakampata shingoni. Nikaleta mvua ili ninja wateleze, na yeye akateleza. Nikamletea rafiki wa kumsaidia, sasa nikawa na maiti mbili. Kila nikiziba huku anafia kule, na kazi inatakiwa asubuhi, mchoraji yuko macho ananisubiri mimi. Mwisho wake nikafanya kitu ambacho hadi leo sipendi kukitaja. Nikaandika kwamba alikuwa anaota. Ndoto jamani! Ukurasa unaofuata steringi anaamka na jasho, basi, tunaendelea. Wasomaji hawakupiga hata kelele, ila kuanzia siku hiyo kila nikimtia steringi kwenye hatari wanasema "anaota huyo", na hadithi ikafa hivyohivyo inatembea. Yule mchoraji tukikutana hanisalimii kama watu, ananiuliza "umeamka?"

3. Nguo nyeusi ni sare ya kufia. Shinobi, yaani ninja wa kweli wa zamani, wenyewe walipenda kujigeuza watawa, wafanyabiashara, watu wa kawaida tu, na Bansenshukai, kitabu cha mafunzo yao cha mwaka 1676, kinaelezea sana huko kujigeuza. Nyeusi kuanzia kichwani hadi miguuni ni mambo ya jukwaani, kwenye kabuki, maigizo ya jadi ya Kijapani, wanaosogeza vifaa wanavaa hivyo na watazamaji wamekubaliana kutowaona. Sasa wewe unamvalisha mtu nguo ya kutoonekana halafu unataka aogopwe? Mwenye nyekundu au nyeupe, au uso wazi, au hata sentensi moja ya kuongea, huyo hayumo kwenye mgawanyo wa namba 1.

4. Bomu la moshi linafanya kazi kwa yule tu anayehitajika sura ijayo.

5. Ninja anakuwa kimya ukuta mzima, bati zima, mpaka afike mgongoni kwa steringi, hapo ndo apige ukelele. Mkishindwa kuelewa kwa nini rudieni namba 2, sehemu ya maiti mbili.

6. Kanuni haichagui upande, na hii ndo mnaisahau kuliko zote. Kuna dogo mmoja mzuri tu, ana kipaji, alimpa steringi wake wanafunzi ishirini wa kupigana naye, eti amwongezee nguvu. Akaja analalamika kwamba adui, mzee mmoja mwenye fimbo, anawamaliza wote na yeye hajapanga hivyo, hadithi inamkimbia. Nikamwambia hadithi iko sawa, wewe ndo umemgawanya steringi kwa 21. Mzee na fimbo yake ana U nzima. Tukawapeleka wanafunzi wote sokoni kununua kamba, steringi akabaki peke yake, pambano likakaa lenyewe.

Na mwenye skripti ya ninja mia mbili, nimekurudishia. Wabaki wawili, mmoja afe mapema.