Baada ya mionzi, mpasuaji afuate MRI ipi?

SWALI: Dokta, ninasomea upasuaji. Tuna mgonjwa wa kiume mwenye saratani ya rektamu (sehemu ya mwisho ya utumbo mpana). MRI ya kwanza ilionyesha uvimbe umegusa fashia ya mesorektamu, yaani utando unaofunika mafuta yanayoizunguka rektamu, upande wa mbele. Amemaliza mionzi pamoja na tibakemikali, na ripoti ya MRI mpya inasema uvimbe umenywea, pamebaki kovu. Tupange upasuaji kwa picha ya kwanza au ya pili?

JIBU: Kwa ya pili, ila isomeni huku ya kwanza ikiwa kando yake. Ya kwanza inawaonyesha mahali pa kutilia shaka. Ya pili inawaambia kama shaka bado ipo. Ripoti inayoishia kusema pamebaki kovu haijamsaidia mpasuaji. Anachotaka kujua ni kovu hilo liko umbali gani na fashia.

Kwenye picha za T2 (aina mojawapo ya picha za MRI) mafuta hung'aa, fashia huonekana kama mstari mwembamba mweusi, uvimbe hai huwa kijivu na kovu huwa jeusi. Nendeni palepale uvimbe ulipogusa. Mkiona mafuta yamerudi kati ya kovu na fashia, na nafasi inazidi milimita 1, mnaweza kufuata fashia kama kawaida na kuitoa mesorektamu nzima. Kovu likiwa bado limeng'ang'ania fashia, hakuna picha inayoweza kuwahakikishia kwamba ndani yake hamna chembe za saratani zilizojificha. Hapo mimi huihesabu fashia kuwa bado iko hatarini, na hupanga kukata nje yake, hata ikibidi kuondoa sehemu ya kifuko cha manii au ya tezi dume. Mishipa ya fahamu ya mkojo na ya tendo la ndoa hupita hapo mbele, kushoto na kulia, kwa hiyo mgonjwa aelezwe kabla, akubali akijua anachoweza kupoteza.

Kabla ya kuamini kipimo chochote cha umbali, hakikisheni vipande vya picha vimekatwa kwa pembe mraba na rektamu pale penye uvimbe, vikiwa na unene wa milimita 3 hivi. Vikikatwa mshazari, nafasi iliyopo hupotea au isiyokuwepo huonekana. Ni heri kurudia kipimo. Picha za difusheni (DWI), yaani za MRI zinazofuata mwendo wa maji ndani ya tishu, husaidia kumulika uvimbe hai uliobaki ndani ya kovu, lakini gesi ndani ya rektamu huziharibu, na hazipimi umbali wa fashia. Ute unaong'aa kwenye T2 nao si lazima uwe na saratani hai.

Tazameni pia tezi za limfu za ukutani mwa nyonga. Hizi husahaulika mno, nazo ziko nje ya mesorektamu, kwa hiyo upasuaji wa kawaida huziacha. Tezi iliyokuwa na milimita 7 au zaidi kabla ya tiba, na ambayo haijanywea vya kutosha, ijadiliwe katika kikao cha timu kabla ya kupanga tarehe.

Na kama MRI haioni uvimbe kabisa, msikimbilie kisu. Mpimeni kwa kidole na kwa endoskopi (kamera inayoingizwa ndani ya rektamu). Vyote vitatu vikikubaliana, kumfuatilia kwa karibu bila kumpasua, njia iliyoasisiwa na Angelita Habr-Gama wa Brazili, ni chaguo halali ambalo mgonjwa anastahili kuelezwa.