Jibu: Gesi ya mgahawa na ukumbi ipimwe kila baada ya muda gani (kwa walioko Uingereza)

Mkuu, umesema jumuiya yenu imekodi jengo Leicester: chini kuna mgahawa na ukumbi, juu kuna fleti mbili mnazopangisha. Fundi mmoja kakwambia gesi ipimwe kila mwaka, mwingine kasema miaka mitano inatosha. Mimi ni fundi gesi wa majengo ya biashara hukuhuku England, na swali hili naulizwa mno.

Hiyo miaka mitano haimo kwenye kanuni za gesi. Nadhani watu wanaichota kwenye umeme, maana nyaya za majengo mengi ya biashara hukaguliwa kila miaka mitano. Au wanaichota kwetu sisi mafundi, kwa sababu mitihani yetu tunairudia kila miaka mitano. Bomba lako halihusiki na lolote kati ya hayo.

Kanuni za Usalama wa Gesi ni za mwaka 1998. Kanuni ya 36 ndiyo inayotaja muda: anayepangisha makazi lazima vifaa vyake vya gesi na njia zake za moshi vikaguliwe ndani ya kila miezi 12. Hiyo ni ya fleti zenu za juu. Tangu Aprili 2018 unaweza kukagua hadi miezi miwili kabla ya siku yenyewe na tarehe ya mwaka unaofuata isisogee, kwa hiyo hakuna sababu ya kungoja wiki ya mwisho.

Kwa mgahawa na ukumbi wa chini ni kanuni ya 35: mwajiri ahakikishe vifaa, mabomba na njia za moshi mahali pa kazi vinatunzwa na kubaki salama. Haitaji mwezi wala mwaka, ndiyo maana kila fundi ana jibu lake. Ila HSE, mamlaka ya usalama kazini, inashauri ukaguzi wa kila mwaka, watengenezaji wengi wa boila na majiko wanaandika hivyohivyo, na siku ya moto bima itaulizia karatasi. Jibu fupi basi ni kila mwaka, na aliyekwambia miaka mitano muulize ameisoma wapi.

Sasa kuna jambo ambalo hukuuliza na mimi naliona kubwa kuliko tarehe: mwaka jana kilipimwa nini? Fundi anakuja, anafanyia boila sevisi, anapima moshi wake, anakupa karatasi, anaondoka. Bomba linalotoka chumba cha mita, likapita juu ya dari ya ukumbi hadi jikoni, hakuligusa. Sevisi ya kifaa ni kazi moja na kupima kama bomba linavuja ni nyingine, usipoitaja haifanyiki. Kulipima ni kufunga gesi, kuweka presha ndani, kungoja, kisha kuona kama imeshuka. Muda wa kungoja unategemea ujazo wa bomba: mfumo mdogo usiozidi mita za ujazo 0.035 una utaratibu wake (mwongozo wa mafundi uitwao UP/1B), unaozidi hapo hadi 1 una wake (UP/1A). Karatasi ya kweli itaonyesha ujazo, presha ya kuanzia na ya kumalizia. Ukikuta tiki tu, hujui kama kuna kilichopimwa.

Stockline, kiwanda cha plastiki cha Glasgow, ndivyo ilivyokuwa Mei 2004. Bomba la chuma la gesi ya tangi lilizikwa uani mwaka 1969, likala kutu lisionekane. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikajikusanya chini ya jengo, ikalipuka. Watu 9 walikufa. Bomba lenu likipita chini ya sakafu au likiwa limezikwa, mwambie fundi kabla hajaanza.

Jikoni kwenu mwaka mmoja ni mrefu. Feni ya kuvuta moshi inatakiwa ifungane na gesi: feni ikizimika, gesi inakatika. Nimekuta migahawa ambayo mpishi kaurukia mfumo huo kwa waya kwa sababu feni inampigia kelele! Hapo hewa inaharibika kimyakimya. Kaboni dayoksaidi ikipita 2,800 ppm (sehemu kwa kila milioni ya hewa) wakati majiko yote yanawaka, sisi tunahesabu jiko si salama. Angalieni pia mnyororo unaoshikilia jiko la magurudumu. Lazima uwe mfupi kuliko hozi, la sivyo anayesafisha nyuma ya jiko anavuta hozi yenyewe. Haya meneja anaweza kuyatazama kila wiki bila fundi.

Ukimwita fundi, geuza kadi yake ya Gas Safe (rejista rasmi ya mafundi gesi) usome nyuma. Wengi wana ruhusa ya majumbani tu. Majiko ya biashara yana kipengele chake, na boila kubwa na mabomba makubwa vyao. Usione haya kuuliza, sisi tumezoea.

La mwisho ni mkataba wenu wa pango: unasema bomba kutoka mita hadi jikoni ni la nani? Kama haujasema, mwandikieni mwenye jengo sasa hivi na muombe ufunguo wa chumba cha mita, maana fundi akifika ataanza kwa kuudai.