Presha isiyoshuka usiku na vidonge vya "kusafisha damu"

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 54, ninaishi Likoni, na ninatumia amlodipini ya miligramu 5. Nilivalishwa mashine ya kupima presha kwa saa 24: wastani wa mchana ulikuwa 138/86 na wa usingizini 134/82. Muuzaji mmoja wa virutubisho ameniambia presha haishuki usiku kwa sababu damu yangu imejaa sumu ya oksijeni, na kwamba nikimeza vidonge vyake kabla ya kulala nitaweza kuacha dawa ya hospitali. Mke wangu naye hulalamika kuwa ninakoroma mno. Nivijaribu?

JIBU: Marahaba. Usivijaribu, na amlodipini usiiache.

Kwa kawaida presha ya aliyelala hupungua kwa asilimia 10 hadi 20. Yako imepungua kwa asilimia 3 hivi, na wastani wa usiku uliofika 120/70 huhesabiwa kuwa wa juu, hata kama kipimo cha kliniki asubuhi kinapendeza. Tatizo unalo, hilo sibishani nalo.

Kinachonichosha ni kwamba muuzaji huyo ameokota kipande cha sayansi ya kweli akakitia katika chupa. Ni kweli kwamba wagonjwa wengi wasioshuka presha usiku huonekana na dalili zaidi za mkazo wa oksidisho, yaani wingi wa chembe kali za oksijeni zinazoharibu naitriki oksaidi, gesi ambayo ukuta wa mshipa huitengeneza ili mshipa ulegee. Lakini presha yenyewe, ikikaa juu, huuchochea mshipa uzidi kutoa chembe hizo, kwa hiyo kuzikuta pamoja na presha hakuthibitishi kwamba ndizo zilizoileta, wala kwamba kidonge kitazizima. Mwaka 2002 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Uingereza uliowapa watu zaidi ya 20,000 walio katika hatari ya maradhi ya moyo ama vitamini E, C na beta-karotini ama vidonge visivyo na dawa, kwa miaka mitano. Vitamini zilipanda katika damu yao kama ilivyotarajiwa, lakini mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua.

Katika barua yako, lililonishtua zaidi ni hilo la kukoroma, ambalo umelitaja mwishoni kana kwamba ni ugomvi wa nyumbani. Kukoroma mno huenda ni dalili kwamba koo lako huziba usingizini. Koo linapoziba, oksijeni hushuka kisha hurudi kwa ghafla, mara kadhaa kwa saa. Mwili hushtuka, presha hupanda, na hizo chembe kali huzalishwa kwa wingi. Anayemeza vidonge huku koo lake likiendelea kuziba hajatibu kitu. Figo nazo zichunguzwe, kisukari vilevile, na chumvi ipunguzwe (ng'onda na achari navihesabu humo), kwani figo iliyoshindwa kuitoa chumvi mchana huendelea kuisukuma usiku, na kazi hiyo huhitaji presha ya juu.

Wengine watakushauri uhamishie dawa yako usiku. Utafiti mwingine wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2022 na kuhusisha watu zaidi ya 21,000, haukuona tofauti ya maana kati ya kumeza asubuhi na kumeza jioni. Amlodipini hasa hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo imeze saa ambayo hutaisahau.

Ukaaji huohuo wa dawa ndio unaowapa walaghai sifa wasizostahili. Mama mmoja aliniletea chupa iliyofungwa kwa gazeti, lebo ikidai "husafisha mishipa", akaapa kwamba wiki ya kwanza alikuwa mzima kabisa. Bila shaka alikuwa mzima, kwani masalio ya amlodipini aliyoiacha yalikuwa bado yanamlinda. Alipofika kwangu wiki ya tano alisoma 192/110, na hata kichwa hakikumuuma. Kila mwezi hukutana na chupa kama ile, iwe ya mlonge, ya habasoda au ya vitamini za ng'ambo, na takriban kila mara muuzaji amemwambia mgonjwa aache kwanza dawa za hospitali. Mlonge kama mboga sina ugomvi nao.

Mpelekee daktari wako karatasi yote ya mashine, yenye namba za usiku kucha, si wastani peke yake, kwani huenda dawa ikahitaji kuongezwa. Mkeo aende nawe, maana yeye ndiye anayejua kama pumzi hukatika. Wewe wakati huo umelala.