Mswaki wa mbwa upimie kwenye gego kubwa la juu

Habari zenu wahariri na wasomaji wenzangu. Wiki hii mmeuliza, "Mbwa wako unamsafisha meno kwa mswaki gani, na unafanyaje mpaka akubali?" Swali nimelipenda sana naomba mnivumilie nijibu kwa urefu, maana nafuga mbwa wawili hapa Arusha, Bobi ambaye ni chotara wa German Shepherd na mbwa wetu wa kienyeji, dume la kulinda geti, na Kidoti, jike mdogo wa ndani mwenye mdomo mfupi, na wote nawaswakisha kila siku jioni. Najua kwa watu wengi mbwa wa geti kuswakishwa ni mambo ya matajiri, lakini ugonjwa wa fizi hauangalii mbwa analala wapi, na mbwa anayeumwa jino hasemi, ataendelea kula ugali wake na dagaa akitafunia upande mmoja, we ukimuona anakula unajua mzima.

Jibu langu ni hili: mswaki mzuri ni ule laini unaofika kwenye gego kubwa la juu bila kumbana shavu. Mengine yote yanafuata hapo. Mbwa mzima ana meno 42, ishirini juu na 22 chini, lakini mwinue mdomo wa juu pembeni leo hii uhesabu kutoka kwenye chonge kwenda nyuma, jino la nne ndio hilo nalosema, kubwa, limechongoka, ndilo analokatia nyama akisaidiana na mwenzake wa chini. Sasa pale shavuni karibu na hilo gego ndipo mate yanapotokea, kuna tundu la mrija wa mate, na mate yana madini, kwa hiyo ukoga wa pale unaganda haraka kuliko sehemu nyingine yoyote mdomoni. Utakuta meno ya mbele meupe kabisa mwenye mbwa anajisifu, halafu lile gego limevaa gamba la kahawia mpaka jino halionekani.

Na ukoga ukiwa bado laini unatoka kirahisi hata kwa kitambaa, shida inaanza ukikaa siku mbili tatu, mate yanaugeuza kuwa mgumu kama jiwe na hapo mswaki hauna kazi tena, usugue usisugue. Ndio maana nasema kila siku, anayeswakisha Jumapili kwa Jumapili anakuta gamba jipya limeshashika. Mate ya mbwa yana alkali zaidi kuliko yetu, hiyo inamsaidia meno yasitoboke sana kama yetu lakini inafanya hilo gamba lijengeke haraka, na hapo kwenye ukingo wa fizi wadudu wanajificha chini, fizi inavimba, inaachia jino, mfupa unaliwa taratibu. Mbwa wengi wakifika miaka mitatu tayari wana dalili za ugonjwa wa fizi, na mbwa wadogo kama Kidoti wanaumia zaidi kwa sababu meno yamebanana kwenye taya dogo.

Sasa miswaki. Bobi natumia wa mpini mrefu wenye vichwa viwili, kimoja kikubwa kimoja kidogo, huu ndio unaonifikisha nyuma maana mdomo wake ni mrefu na mkono wangu sitaki uingie mpaka huko. Kidoti natumia mswaki wa mtoto mchanga tu, ule wa supamaketi ulioandikwa laini sana, kichwa chake hakizidi ukucha wa dole gumba, na kwa kweli kwa mbwa wadogo sijaona unaoushinda, kwa hiyo usiache kumswakisha mbwa kisa duka la mjini kwenu halina mswaki wa mbwa. Angalia nywele zake ziwe laini na ncha zake za mviringo, ukijisugua nazo juu ya kiganja zisikuchome. Ule wa mtu mzima, wa kati au mgumu, hapana, unachubua fizi na mbwa akichubuliwa mara moja hasahau.

Kuna ule wa kuvaa kidoleni wa silikoni, wengi wanaupenda kwa sababu haumtishi mbwa. Kwa kuanzia ni mzuri sana, hasa kwa watoto wa mbwa, lakini vile vinundu vyake ni vinene haviingii kwenye ukingo wa fizi ambako ndiko kazi ilipo, na kidole chako kipo katikati ya magego, mbwa akishtuka anafunga mdomo. Tena kuna wanaoung'oa kidoleni wakaumeza. Kwa hiyo uwe wa kupitia tu kabla ya mswaki wenyewe. Kuna pia wa vichwa vitatu unaokumbatia jino pande zote, huu nausifia kwa mtu ambaye mkono wake hautulii, mfano wazee, ila kwa mdomo mdogo haupiti. Wa umeme sina la kusema zaidi ya kwamba ule mngurumo mbwa wengi wanaukimbia. Na kama huna chochote, chukua bandeji ya shashi ufunge kidoleni uiloweshe maji, unasugua vizuri tu huku unasubiri mswaki. Kila mbwa awe na wake, uoshwe, ukaushwe umesimama mahali pa mbali na miswaki ya familia, na nywele zikishaanza kutawanyika ubadilishe, mimi naenda miezi mitatu hivi.

Naomba mhariri hapa usinikatie maneno, dawa ya meno ya watu USIMPE MBWA. Sisi tunasukutua tunatema, mbwa hatemi, kila kitu kinaenda tumboni. Ina floraidi na ina vitu vya kutoa povu, vyote hivyo akimeza kila siku vinamletea shida ya tumbo na zaidi ya tumbo. Lakini hatari kubwa ni zailitoli, sukari mbadala inayowekwa kwenye baadhi ya dawa za meno na bazoka zisizo na sukari, kwenye pakiti jina lake linaanza na herufi X. Kwetu haina neno, kwa mbwa inaufanya mwili umwage insulini nyingi kwa mpigo, sukari ya damu inaporomoka, mara nyingi ndani ya saa moja, mbwa anatapika, analegea, anayumba, anapata degedege, na wengine ini linakufa siku zinazofuata. Akila kitu chenye hiyo usisubiri uone dalili, mbebe umpeleke kwa daktari wa mifugo na pakiti ya hicho alichokula mkononi. Magadi ya mikate nayo watu wanapenda kuelekezana, achaneni nayo, ina sodiamu nyingi na ladha yake itamfanya auchukie mswaki. Chumvi vilevile.

Dawa ya meno ya mbwa ipo, ina ladha ya kuku au nyama, kwenye maduka makubwa ya dawa za mifugo unaweza kuipata au kuagiza, na ukiona muhuri wa VOHC, hilo ni baraza la Marekani linalopitia ushahidi wa bidhaa za meno ya wanyama, basi ujue kuna majaribio nyuma yake. Ila msikwame hapo, kinachoondoa ukoga ni kule kusugua, mswaki uliolowana maji matupu unafanya sehemu kubwa ya kazi. Dawa inamfanya mbwa apende. Mimi dawa ikiisha nachovya mswaki kwenye supu ya nyama niliyoichemsha bila chumvi na bila kitunguu, kitunguu kwa mbwa ni sumu hata kikipikwa, na Bobi anaramba midomo kabla sijamshika.

Kumzoesha ndio watu wanapokata tamaa kwa sababu wanataka siku ya kwanza wamalize meno yote. Siku za mwanzo mswaki weka pembeni kabisa, muda ule ametulia baada ya kutembea na kula jioni, kaa naye ubavuni, usimsimamie kwa juu maana mbwa akisimamiwa usoni anaona anatishwa. Mguse shavu, mwinue mdomo kidogo, mpe kitu kizuri, basi, mwache aende. Akizoea hapo weka kidole chenye supu upitishe kwenye fizi, halafu bandeji, halafu mpe mswaki aurambe tu, halafu ndio usugue chonge moja. Kuna mbwa wiki moja inatosha na kuna wa mwezi mzima na zaidi, aliyewahi kupigwa au aliyeokotwa mtaani mpe muda wake. Akigeuza uso, akijiramba midomo kwa wasiwasi, akikakamaa, simama hapohapo, usimbane mtu amshikilie kichwa, ukimlazimisha leo kesho atajificha chini ya gari akiona tu mkono wako unaenda kwenye kabati.

Halafu jambo ambalo ukilijua kazi inakuwa nyepesi, huhitaji kumfungua mdomo! Meno yabaki yamekutana, unainua tu mdomo wa pembeni kwa dole gumba, unaingiza mswaki kati ya shavu na meno. Unasafisha upande wa nje peke yake, ndani ulimi unajitahidi wenyewe na ukoga wa huko huwa ni kidogo. Mswaki uulaze kama digrii 45 uelekee kwenye fizi, nusu ya nywele zikiwa kwenye jino na nusu kwenye ukingo wa fizi, zungusha viduara vidogo vidogo, mkono mwepesi. Anza na chonge, nenda nyuma mpaka kwenye gego kubwa ukae hapo kidogo, hamia upande wa pili, yale meno madogo ya mbele chini ya pua yawe ya mwisho kwa sababu pale anahisi sana. Nusu dakika kila upande inatosha. Ukimaliza mpe zawadi au mrushie mpira, kila siku vilevile.

Watoto wa mbwa wana meno 28 ya utoto, yanaanza kung'oka kama miezi minne na kwenye miezi sita au saba ya ukubwa yameshatoka. Kipindi hicho fizi zinauma, mguse tu kwa kidole au bandeji usisugue, na ukiona chonge la utoto limegoma kutoka limesimama pamoja na la ukubwa, mambo ya mbwa wadogo hayo, muone daktari mapema.

Damu kidogo kwenye mswaki siku za mwanzo inaonyesha fizi imevimba, endelea taratibu, ikiendelea wiki ya pili muone daktari. Ila kuna mbwa usimguse na mswaki kabisa kabla ya daktari: aliyevimba chini ya jicho, hiyo mara nyingi ni jipu la mzizi wa gego lilelile la juu, anayedondosha chakula akitafuna, mwenye harufu ya usaha, mwenye jino linalocheza. Kumswakisha huyo ni kumtesa, na atakuuma. Hapo inabidi nusu kaputi, meno yasafishwe kwa mashine mpaka chini ya fizi, yaliyokufa yang'olewe, ndipo mswaki uanze fizi zikishapona. Wale wa kukwangua gamba kwa kisu mbwa akiwa macho msiwape mbwa wenu, wanasafisha kinachoonekana tu na ugonjwa upo chini. Walio karibu na Morogoro pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kuna hospitali ya wanyama, ndugu zetu wa Nairobi wana ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete.

Na chanjo ya kichaa cha mbwa lazima iwe hai kabla hujaingiza mkono mdomoni mwa mbwa yeyote, ugonjwa unapita kwenye mate, na ukiwa na kidonda kidoleni vaa glavu. Jirani yangu ni Muislamu anafuga mbwa wa ulinzi, mate ya mbwa kwake ni najisi ya kuoshwa mara saba moja yake kwa udongo, yeye huvaa glavu ndefu na ana mpini mrefu, mbwa wake ana meno safi kuliko ya mbwa wengi mtaani kwetu.

Kuhusu mifupa najua nitabishiwa. Watu wanasema mbwa wa zamani walikuwa wanajisafisha kwa mifupa, lakini mfupa mgumu wa ng'ombe ndio unaolipasua lile gego la juu, linabanduka ubavu mzima mpaka kiini kinaonekana, na mfupa wa kuku uliopikwa unavunjika vipande vyenye ncha. Kabla hujampa kitu cha kutafuna kibonyeze kwa ukucha wa dole gumba, kisipobonyea hata kidogo ni kigumu mno kwa meno yake. Bobi nampa karoti mbichi, anaitafuna kwa furaha, halafu jioni mswaki uko palepale.